Cheo Kilipita, Mchezo Ukabaki

Msafiri wa kwetu afikapo nchi ya China huonyeshwa viwanda, reli, madaraja na bandari. Sisi nasi tulionyeshwa hayo, na tunayo ya kuyasimulia siku nyingine. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyumba isiyotoa moshi wala isiyo na mtambo, ambayo katika safari yetu yote ndiyo iliyotupa la kufikiri kuliko nyingine. Ni nyumba ya ukumbusho wa mtunzi wa michezo ya kuigiza, Tang Xianzu, aliyezaliwa mwaka 1550 na kufariki mwaka 1616.

Nyumba hiyo imo katika mji wa Fuzhou, mkoa wa Jiangxi, kusini ya Mto Yangtze. Msomaji asiuchanganye mji huu na mwingine wa pwani, katika mkoa wa Fujian, ambao jina lake huandikwa vivyo hivyo kwa herufi zetu. Fuzhou hii iko bara, safari fupi ya garimoshi kutoka Nanchang. Wanachama wengi waliijua Jiangxi kwa sababu nyingine: Nanchang ndiko majeshi ya mapinduzi yalikoinuka tarehe 1 Agosti 1927, na Ruijin, katika mkoa huo huo, ndiko Wakomunisti walikotangaza jamhuri yao mwaka 1931. Lakini zaidi ya miaka mia tatu kabla ya bunduki hizo kulia, mtu mmoja wa Linchuan, ambayo leo ni sehemu ya Fuzhou, alikwisha kupigana na wakubwa wa zama zake, na silaha yake ilikuwa kalamu.

Tulipoingia tulikuta bustani, maji yaliyotulia, na nyumba zenye mapaa ya vigae. Ndani mna vitabu, picha, na masanamu ya watu waliomo katika michezo yake. Hatukuwa peke yetu. Walikuwapo watoto wa shule na daftari zao, na wafanyakazi waliokuja na jamaa zao siku ya mapumziko. Mwenzetu mmoja alimwuliza mzee aliyetuongoza kwa nini nyumba kubwa namna hii imejengwa kwa ajili ya mtu ambaye cheo chake kikubwa kilikuwa ukuu wa wilaya, nacho akakiacha mwenyewe. Mzee hakujibu mara moja. Alituuliza kama twayajua majina ya mawaziri wakuu waliotawala siku za Tang. Hatukulijua hata moja. Akatabasamu, akaendelea mbele.

KIJANA ALIYEKATAA NJIA YA MKATO

Katika China ya wafalme wa Ming mlango wa kuingilia katika utumishi wa juu ulikuwa mitihani ya serikali. Kwa sheria, mtoto wa mkulima na mtoto wa waziri walipimwa kwa mizani moja. Twasema kwa sheria, maana kwa vitendo mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1570 Tang alishinda mtihani wa mkoa, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, na sifa za elimu yake zikaenea. Ukabaki mtihani wa mwisho, uliofanywa Beijing.

Mkuu wa mawaziri alikuwa Zhang Juzheng. Nchi yote ilikuwa mkononi mwake, kwa kuwa Mfalme Wanli alikuwa bado kijana mdogo. Zhang alikuwa na watoto wa kiume waliokuwa wakijitayarisha kwa mtihani huo huo, akataka wafuatane na vijana mashuhuri kwa elimu, ili ushindi wao usije ukashangaza watu. Tang aliitwa mwaka 1577, akakataa. Akaitwa tena mwaka 1580, akakataa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1577, mtoto mmoja wa waziri alikuwa wa pili katika nchi nzima. Mwaka 1580 mtoto wake mwingine alikuwa wa kwanza. Tang hakufaulu mara zote mbili. Alifaulu mwaka 1583, Zhang akiwa amekwisha kufa.

Msomaji aliyepata kuomba kazi, akaambiwa akamwone fulani kwanza, ataielewa habari hii bila mkalimani. Tang angaliweza kusema kwamba hana la kufanya, ndivyo dunia ilivyo. Badala yake alingoja, na umri wake ukaenda.

WARAKA WA MWAKA 1591

Alipofaulu alipewa kazi katika mji wa Nanjing, mji mkuu wa pili wa ufalme. Ilikuwa kazi ya heshima isiyo na nguvu, na mtu mwenye kupenda raha angaliweza kuzeeka humo akila mshahara wake. Mwaka 1591 ikatokea nyota yenye mkia. Wachina wa zama hizo waliiona kuwa ni onyo, na mfalme akawakemea wakaguzi wa serikali kwa kunyamazia maovu. Ndipo Tang alipoandika waraka wake.

Katika waraka huo alieleza kwamba wakaguzi hawakunyamaza kwa ujinga. Walinyamaza kwa sababu vyeo vyao walivipata kwa wakubwa, na midomo yao ikawa rehani kwa wakubwa hao. Alimtaja kwa jina Mkuu wa mawaziri wa wakati huo, Shen Shixing. Alimtaja kwa jina Yang Wenju, mtumishi aliyepelekwa kuwaokoa watu wa majimbo yaliyopatwa na njaa, naye huko akajikusanyia rushwa. Wala hakumstahi mfalme: alimwambia kwamba miaka ishirini ya utawala wake imeharibika, kumi mikononi mwa waziri mmoja, na kumi mikononi mwa mwingine.

Twajua mambo hayo huishaje. Tang alishushwa cheo, akapelekwa Xuwen, mwisho wa nchi upande wa kusini, katika rasi inayokitazama kisiwa cha Hainan, awe karani mdogo wa wilaya. Mtu mwingine angalikaa huko akihesabu siku. Yeye alianzisha nyumba ya elimu, akaipa jina la Guisheng, maana yake kuuthamini uhai, kwa kuwa aliona watu wa huko wanayapuuza maisha yao wenyewe.

MKUU WA WILAYA

Mwaka 1593 alifanywa mkuu wa wilaya ya Suichang, wilaya maskini ya milimani katika mkoa wa Zhejiang. Alikaa huko miaka mitano. Alijenga shule. Aliongoza vita dhidi ya chui milia waliokuwa wakiwashambulia watu. Kila majira ya kuchipua aliwaendea wakulima mashambani kuwahimiza walime kwa wakati, na kuwapa heshima mbele ya watu wote. Desturi hiyo ya kuhimiza kilimo yafanywa Suichang hata leo, na mwaka 2016 ilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa mataifa, pamoja na hesabu ya Wachina ya majira ishirini na manne ya mwaka.

Jambo lililotushangaza zaidi ni lile la wafungwa. Usiku wa kuamkia mwaka mpya aliwaruhusu waende makwao wakakae na jamaa zao, na katika sikukuu ya taa aliwaacha watoke waende darajani kutazama taa. Mwenyewe aliyatungia mashairi mambo hayo mawili. Wako watakaosema ulikuwa uzembe wa ulinzi. Sisi twaona alikuwa akiwapima watu kwa utu wao, na mkuu wa wilaya asiyejua utu wa watu wake hawezi kuwaongoza, ajapokuwa na minyororo mingi kiasi gani.

Kilichomtoa huko kilikuwa madini. Kuanzia mwaka 1596 Mfalme Wanli, akitafuta fedha, aliwatuma matowashi wa jumba lake katika mikoa kusimamia migodi na kukusanya kodi yake. Watu hao hawakuwa chini ya wakuu wa wilaya wala wa mikoa. Waliripoti kwa mfalme tu, na palipokuwa hapana madini ya kutosha waliidai fedha hiyo kwa wananchi. Suichang ilikuwa na machimbo ya dhahabu na fedha, hivyo haikusalimika. Wengi walioandika maisha ya Tang huitaja kodi hiyo kuwa miongoni mwa sababu za kuchoka kwake. Mwaka 1598 aliiacha kazi, akarudi Linchuan, wala hakushika tena cheo chochote mpaka kufa.

NDOTO NNE

Hapo ndipo mkuu wa wilaya alipokwisha na mtunzi akaanza kazi yake kubwa. Ametuachia michezo minne ambayo Wachina huiita Ndoto Nne za Linchuan, kwa kuwa katika kila mmoja mna ndoto. Uliotangulia aliuandika kabla ya kustaafu. Mashuhuri kuliko yote ni ule wa mwaka 1598, uitwao Mudan Ting, yaani Kibanda cha Mudan. Mudan ni ua kubwa la bustanini ambalo Wachina hulipenda mno.

Ni mchezo wa maonyesho 55. Binti mmoja, Du Liniang, mtoto wa mtawala, amefungiwa ndani asome vitabu vya adabu. Siku moja aingia bustanini kwa siri, alala usingizi, na katika ndoto akutana na kijana asiyemjua. Akiamka, kijana hayupo. Binti augua kwa huzuni, ajichora picha yake, kisha afa, azikwa chini ya mti wa mplamu. Baada ya miaka mitatu kijana wa kweli, Liu Mengmei, apita hapo na kuiokota picha. Roho ya binti yamtokea, naye alifukua kaburi, na binti afufuka. Baba mtu akataa kuamini. Amkamata kijana na kumpiga kama mwizi wa makaburi, hata mambo yafike mbele ya mfalme.

Msomaji asiharakishe kusema kwamba hizi ni hadithi za mahaba zisizotuhusu. Katika zama zile binti aliozwa kwa amri ya wazee, na moyo wake haukuulizwa. Mtunzi aliusimamisha moyo huo jukwaani, akaufanya uwe na nguvu kuliko mauti na kuliko amri ya mtawala. Tena katika onyesho la nane, mtawala atoka kwenda kuwahimiza wakulima, na mbele ya watazamaji waja kuimba mbeba samadi, mtoto mchunga ng'ombe, wanawake wachumao majani ya mforsadi, na wanawake wachumao chai. Mtu aliyeandika hayo alikuwa na vumbi la mashamba ya Suichang miguuni.

Michezo miwili ya mwisho, ya mwaka 1600 na 1601, ingefaa isomwe na kila mwenye ofisi. Katika mmoja, mtu alala na kuota amekuwa gavana katika ufalme, atawala miaka ishirini, apewa heshima zote, kisha aanguka. Aamka na kugundua kwamba ufalme wote ule ulikuwa kichuguu cha sisimizi chini ya mti. Katika wa pili, maskini mmoja alazwa juu ya mto wa ajabu. Aota amefaulu mtihani kwa kuhonga, amepanda mpaka uwaziri mkuu, amefungwa, ametolewa, ameshiba, amezeeka, amekufa. Afumbuapo macho, mtama uliokuwa ukipikwa alipolala haujaiva bado. Watazamaji wa Ming walicheka, na bila shaka wako waliocheka huku wakijitazama mavazi yao ya kazi.

WACHEZAJI NAO NI WAFANYAKAZI

Liko jambo jingine ambalo wafanyakazi wanaosoma gazeti hili watalipenda. Katika China ya zamani wachezaji wa michezo walihesabiwa miongoni mwa watu duni. Wakubwa waliwaita kuwafurahisha karamuni, lakini hawakuwahesabu kuwa wenzao. Tang, aliyekwisha kuwa mtumishi wa mfalme, alikaa na wachezaji wa Yihuang, wilaya jirani na Linchuan, akawafundisha mwenyewe jinsi ya kuimba na kutenda. Wachezaji hao walipomjengea hekalu mlinzi wa sanaa yao, yeye ndiye aliyewaandikia maneno ya ukumbusho. Humo alitaja kwamba waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo walizidi elfu moja, na akaeleza kwamba kazi yao yataka moyo mmoja, mafunzo na nidhamu. Aliitazama kama kazi, wala hakuitazama kama kipumbao cha matajiri.

Alijua pia kuitetea kazi yake mwenyewe. Waungwana wa mjini Suzhou na kando yake walipoyabadili maneno yake ili yakubaliane na muziki wao wa Kunqu, alikasirika, akakataza yasiguswe. Hata hivyo ni Kunqu hiyo hiyo, yenye filimbi laini na mwendo wa taratibu, iliyoubeba mchezo wake mpaka leo. UNESCO iliitangaza sanaa ya Kunqu kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2001, na Kibanda cha Mudan ndio mchezo wake upendwao sana.

KABURI LILILOVUNJWA

Tumefika mahali ambapo ingekuwa rahisi kupita upesi, lakini hatutapita. Tang alizikwa kwao Linchuan, na watu walilijua kaburi lake kwa miaka mia tatu na hamsini. Mwaka 1966, katika siku za kwanza za Mapinduzi ya Utamaduni, kaburi hilo liliharibiwa. Vijana wa wakati ule waliamini kwamba kila kilicho cha kale ni cha mabwana, na kwamba kuvunja ni kujenga. Katika miaka ya 1980 mji ulimjengea Tang kaburi jingine la ukumbusho katika bustani ya watu wote. Ndipo mwezi Agosti 2017 ikatangazwa kwamba wachimbuaji wa mambo ya kale wameyapata makaburi 42 ya zamani mjini Fuzhou, na miongoni mwake ni ya ukoo wa Tang, na moja waliamini kuwa lake mwenyewe. Yalipatikana na mawe yenye maandishi.

Sisi wanachama hatuna budi kulisoma jambo hili mara mbili. Vijana wale walidhani wanauvunja ubwana wa kale. Waliyemvunjia kaburi ni mtu aliyewaambia mabwana wa kale kweli usoni, akafukuzwa kwa ajili hiyo. Bidii isiyouliza kwanza huwapiga rafiki na adui kwa rungu moja. Na wenzetu wa China, kwa sifa yao, hawakuona haya kurudi na majembe kutafuta kilichofukiwa.

YANATUHUSU NINI?

Tang Xianzu alikufa mwaka ule ule waliokufa Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania, na mwaka 2016, miaka mia nne ilipotimia, Fuzhou iliwakumbuka watatu pamoja. Katika watatu hao, sisi twamjua zaidi Shakespeare, maana Mwalimu Nyerere, akiwa na kazi zote za kuiongoza nchi, alikaa akamtafsiri: Juliasi Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka huo wa 1969 ndio aliotoa Ebrahim Hussein mchezo wake wa Kinjeketile. Mwalimu hakuona kwamba mchezo wa kuigiza ni jambo dogo kwa taifa linalojengwa. Twauliza basi: wanaotuandikia michezo leo, na wanaoicheza, twawatazama kama wafanyakazi wa taifa, au twawaita tu siku ya sherehe wawaburudishe wageni wa heshima?

Swali la pili ni zito zaidi. Wanachama wa TANU, na baadaye wa CCM, wamefundishwa kwamba cheo ni dhamana. Ni rahisi kulikubali neno hilo mkutanoni. Tang alijaribiwa kwalo mara tatu: alipopewa njia ya mkato, alipojua maovu ya wakubwa wake, na alipotakiwa kusimamia kodi iliyowakamua watu wake. Mara ya kwanza ilimgharimu miaka sita, ya pili ilimgharimu cheo, ya tatu ilimgharimu kazi. Kila mmoja wetu mwenye ufunguo wa ofisi, muhuri, au daftari la majina ya watakaopewa, atajaribiwa kwa namna hizo hizo, ingawa kwa kiasi kidogo. Hakuna gazeti litakaloandika siku hiyo, wala hakuna atakayepiga makofi.

Tulipotoka jua lilikuwa limeshuka. Karibu na lango mama mmoja alikuwa amekaa na mjukuu wake, akimwimbia polepole maneno tusiyoyafahamu. Mkalimani alituambia kwamba ni ya Du Liniang, pale anapoingia bustanini mara ya kwanza. Mtoto aliyajua, akayamalizia mwenyewe.